Mashimo ya Mviringo

Kituo cha Wanyamapori, Mng'aro
6 Mei 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake kwa sauti, maana najua barua zangu unazisoma kimya, unazikunja, halafu yeye anabaki kuuliza "kasemaje?" Mimi ni mzima.

Nakuandikia kwa kuwa wewe na simu hamkupatana. Nikipiga husikii, nikituma ujumbe unasema herufi za kitochi chako ni sisimizi. Basi tuendelee na kalamu. Barua hii anakuletea Aron, askari mwenzangu, kijana wa Mlalo, Mlutheri, mpole mno. Usimtishe.

Habari si nzuri. Kuna mbogo dume, mzee, katoka hifadhini Mkomazi peke yake na kuhamia kwenye matete kandokando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Wiki iliyopita kamuua Kristian, yule bwana wa baiskeli ya bluu aliyekuletea mchele Idi ile. Alikwenda asubuhi kufungulia maji shambani kwake, basi. Mkewe bado anaiacha baiskeli nje usiku, anasema mwenyewe ataiingiza.

Kazi ya kumwondoa mbogo nimepewa mimi. Bunduki ni ile 375 ya kituo, uliyoibadilisha kitako wakati ungali fundi wa silaha wa idara. Shida ni risasi. Zile fupi zenye pua butu, ulizozizoea, zimekwisha. Tumeletewa mpya, za shaba tupu, ndefu na nzito. Hapa kila mtu anasema nzito ndiyo dawa ya mbogo. Mimi nakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba bunduki huchagua risasi yake, na sijaiuliza bunduki.

Mkuu wangu amekubali. Aron analeta bunduki, kibali, na risasi zote tulizopewa, nane. Nyingine tumeambiwa tusubiri, na unajua maana ya kusubiri. Ofisi ya kijiji chenu imeshaarifiwa. Zipime kule kwenye machimbo ya mawe juu ya Shume, unirudishie jibu na Aron.

Na jambo moja, baba, usikasirike. Niambie habari za bunduki, usiniambie habari za moyo wako.

Mwanao,
Husna


Shume
10 Mei 2024

Husna,

Marahaba. Mama yako nimemsomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka hapo uliponisema. Kacheka peke yake.

Kwanza nikuulize swali ninalokuuliza kila mwaka. Wanaume wa kituo hicho wamekwenda wapi? Haya, nimeshauliza. Najua hutajibu.

Huyu Aron wako kaniamkia mara tatu kwa kudhani sikusikia. Nilisikia ile ya pili.

Bunduki nimeifungua yote. Umeitunza, hilo nakupa. Ndani ya mtutu, kama nilivyokuonyesha ungali mdogo, mna mifereji iliyosokotwa, nayo ndiyo inayoizungusha risasi ili itoke ikitanguliza pua. Nilifunga kitambaa kwenye fimbo ya kusafishia, nikaisukuma taratibu nikitazama inavyogeuka. Msokoto wa mtutu huu ni wa pole. Fimbo inatembea futi nzima ndipo izunguke mara moja. Waliouchonga walikuwa na zile risasi fupi akilini.

Kumbuka zile pia za mti ulizokuwa ukizizungusha barazani. Pia fupi nene unaizungusha hata kwa uvivu nayo inasimama. Pia ndefu ukiizungusha hivyo hivyo inayumba, inalala. Uzito wenyewe si neno, Husna, neno ni urefu. Hizi za shaba tupu, ili ziwe nzito, imebidi wazifanye ndefu. Nilipoziona mezani nikasema moyoni, alhamdulillahi, hazitafaa, na mtoto wangu hatakwenda kokote.

Juzi asubuhi tulikwenda machimboni na Aron. Baridi, ukungu umetanda, tukangoja uinuke. Nikabandika karatasi ya mfuko wa saruji, maana hutoboka safi bila kuchanika, nikahesabu hatua sitini. Nikapiga nne. Risasi iliyoyumba hupiga karatasi kwa ubavu ikaacha shimo refu kama tundu la kitasa. Risasi iliyosimama sawa huacha shimo la mviringo.

Yote manne ni ya mviringo. Nikiyafunika na kikombe cha kahawa hayaonekani.

Ulitaka habari za bunduki, ndizo hizo. Ziko vizuri. Nimeandika hivyo na roho haitaki. Zimebaki nne, Aron anazo.

Hongea, asante kwa sukari uliyotuma. Mama yako anasema usilale bila neti.

Baba yako,
Twaha


Mng'aro
12 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umeniambia kweli, na najua imekugharimu. Sijawahi kukushukuru kwa jambo la kazi yangu hata siku moja. Leo nakushukuru.

Nitamfuata ndani ya wiki hii. Anashinda kwenye matete, alfajiri anatoka kula mpunga unaoanza kutoa masuke. Kutoka kwenye tuta la mfereji hadi pale anapotokea ni kama hatua sitini, sawasawa na za machimboni kwako. Nitamngoja juu ya tuta, upepo ukinijia usoni. Wala sitamsogelea. Hesabu imekaa vizuri mno, mpaka najiuliza umeikisia au vipi.

Hapa wote tu wazima. Chakula tunakula. Neti ninayo.

Husna


Shume
13 Mei 2024

Husna mwanangu,

Usipige. Ukiipata barua hii kabla hujakwenda, usipige kwanza.

Nimemwambia Saumu wa jirani akupigie tangu asubuhi, simu yako haipatikani. Najua huko kwenye mfereji mtandao hakuna. Barua hii nampa Kornelio, Fuso lake linashuka na kabichi, atamkabidhi kondakta wa basi la Mlalo.

Jana baada ya swala ya adhuhuri niliichukua ile karatasi, nikaishika dirishani penye mwanga na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Mashimo matatu hayana neno. La nne lina weusi ukingoni upande mmoja tu, mwembamba kama ukucha. Maana yake risasi ilipofika pale ilikuwa imeanza kuinamisha pua. Kidogo sana. Ilisimama, lakini ilisimama kwa kubahatisha.

Nikajiuliza, kama huku imesimama kwa kubahatisha, huko kwako je? Huku Shume tuko juu, hewa ni nyepesi. Ndiyo maana wageni kutoka bondeni wakipanda kwetu wanahema kama mbwa. Hewa nyepesi haiisumbui risasi. Huko Mng'aro mko chini, hewa ni nzito, na hewa nzito huisukuma pua ya risasi kwa nguvu zaidi. Risasi iliyopona huku kwa unywele, huko inaweza kulala. Nikiwa kazini tulipima bunduki zote hukohuko bondeni zilikotumika. Safari hii nimepimia nyumbani kwa sababu nyumbani ndiko niliko, nisione kosa.

Bandika karatasi hapo hapo kwenye tuta. Hesabu hatua sitini. Piga moja. Moja tu, Husna.

Baba yako,
Twaha


Mng'aro
15 Mei 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua yako imenifikia jana jioni, na afadhali nililala nayo kabla ya kujibu, maana jibu la jana lingekuwa baya zaidi ya hili.

Ijumaa ni nzuri, Jumatatu ni mbaya. Ijumaa mashimo manne ya mviringo, Jumatatu moja limeota ukucha. Na mkosaji ni nani? Hewa! Baba, hii ni bunduki ya kumwangusha mbogo. Mimi niogope hewa?

Nitakuambia ninavyofikiri, unisamehe. Nafikiri ulisema kweli siku ya kwanza, ukakaa nayo siku mbili, ukashindwa. Unakumbuka nilipokuwa chuoni mwaka wa pili? Nilipata ujumbe kwamba mama yu taabani, niwahi kumwona. Nilisafiri nikilia mpaka abiria wakaninunulia maji. Nikafika Shume nikamkuta mama kakaa kwenye kigoda anachambua maharage, mzima kama chuma, na wewe umesimama nyuma yake ukisema, "sasa umefika, tuzungumze habari za ualimu." Nilikusamehe. Kusahau sikusahau.

Risasi ninazo nne. Ukinitaka nipige karatasi ni kama umenipokonya moja mkononi, na mbogo akiinuka huenda ndiyo ile nitakayoihitaji. Bunduki nyingine sina. Ofisi nimeomba, wanasema wiki tatu. SMG ya Aron, na virisasi vyake vidogo, kwa mbogo ni kumkuna mgongo.

Na nilikuficha jambo. Jumapili ile niliyokuandikia kwamba wote tu wazima, asubuhi yake alitufukuza, mimi na Aron. Niliponea kwenye mfereji, maji mpaka shingoni, nikimsikia anahema juu ya tuta. Jana kampiga Marta, mama wa watoto wanne, aliyekwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Nyonga imevunjika. Vijana wa kijiji wamesema wakiingoja serikali watazikwa wote, Jumatatu wanaingia kwenye matete na mapanga na mbwa. Unajua watatoka wangapi.

Nakwenda Jumamosi alfajiri.

Husna


Shume
tarehe 16 mwezi wa tano

Mwanangu Husna

mimi mama yako. Barua naandika mwenyewe usishangae mwandiko. Baba yako hajui, yuko msikitini. Amekaa na ile karatasi siku tatu hata chai hanywi.

Mara ile ya chuoni niliambiwa niwe mgonjwa nikakubali. Safari hii hajaniambia kitu. Nimeona barua yako nikasema hapana, mtoto ana haki asiamini, lakini hili mimi nalijua mwenyewe kwa mikono yangu.

Mwaka juzi nilipokuja kwako Mng'aro nilikupikia maharage. Nikayaacha jikoni kama ninavyoyaacha huku, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Yakawa uji. Ulinicheka ukasema mama umesahau kupika. Maharage yalikuwa yale yale nimeyabeba kutoka hapa na chungu kile kile. Huku yanakaa nusu ya siku na bado magumu. Nilimuuliza baba yako akasema ni hewa, huku nyepesi huko nzito. Kama hewa inageuza maharage kwa nini isigeuze risasi.

Piga karatasi mwanangu.

Usiende na njaa.

Mama yako Sabra


Mng'aro
18 Mei 2024, Jumamosi

Baba na mama, shikamooni.

Aron anaileta barua hii kwa pikipiki na nimemwambia asiondoke bila jibu. Baba, tafadhali usimkalishe kwa chai.

Barua ya mama ilinifikia jana mchana nikiwa nasafisha bunduki kwa ajili ya leo. Nilicheka yale maharage, kisha nikaacha kucheka. Nikachukua mfuko wa saruji, nikaenda upande wa pili wa kijiji, mbali na matete, nikahesabu hatua sitini, nikapiga moja.

Nakuwekea kipande cha karatasi. Weka kidole chako cha shahada kwenye hilo shimo, baba. Kinaingia chote kwa kulala. Risasi ilifika kwa ubavu, tena chini ya pale nilipolenga, shibiri nzima. Hiyo ingempiga mbogo kama kofi. Angenishukia, nami juu ya tuta sina pa kukimbilia. Leo alfajiri ningekuwa nimekufa. Siipambi wala siipunguzi. Nimekaa na jambo hilo tangu jana.

Nilikuandikia maneno mabaya. Nitayaomba msamaha nikikuona, hapa hayaenei.

Sasa nina risasi tatu zinazolala njiani, mbogo yuko pale pale, na Jumatatu vijana wanaingia na mapanga. Nimewasihi. Kaka yake Kristian kaniambia, "dada, wewe bunduki unayo na bado hujaenda, sisi tungoje nini?" Askari wa hifadhini wamesema watakuja wakimaliza tembo wa upande wa pili.

Basi nakuuliza wewe, na swali hili ni la kazi. Risasi hii hailali palepale inapotoka mtutuni. Inaanza kuyumba, inazidi, ndipo inalala. Kuna umbali ambao bado inakwenda sawa. Nataka kuujua. Nitamsogelea mpaka hapo.

Najua ninachokuomba. Usinifiche, baba.

Husna


Shume
18 Mei 2024, jioni

Husna,

Kidole kimeingia.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilisema rudi nyumbani. Ya pili ilisema sijui, na ya tatu ilisema hakuna umbali wowote ulio salama. Zote mama yako kazichoma jikoni, akanisukumia karatasi nyingine. Aron amekaa kizingitini ananitazama kama mgonjwa anayemngoja daktari.

Idadi ya hatua siijui. Fundi mwongo ndiye angekupa. Mimi niko juu, risasi iko chini, na nimeshajifunza. Utaupima wewe mwenyewe, kwa risasi moja, hivi.

Chomeka vijiti shambani kwenye mstari ulionyooka. Kila baada ya hatua kumi bandika karatasi ya saruji, karatasi ya kwanza hatua kumi, ya mwisho hatua sitini. Hakikisha nyuma ni tuta na hakuna mtu. Lala chini, piga zote kwa risasi moja, ipite katikati. Kisha zisome moja moja kwa mpangilio. Utaona mviringo, mviringo, halafu mahali fulani utaona ule ukucha mweusi. Hapo ndipo inapoanza kuinama. Usiende na karatasi ya ukucha. Rudi nyuma karatasi moja. Huo ndio umbali wako, na zaidi ya huo hata akuangalie vipi usipige.

Zitabaki mbili. Ya kwanza chini ya shingo, hapo bega linapoanzia. Usilenge kichwa, pembe zake ni jiwe.

Akikujia kutoka mbali, ngoja. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na mimi fundi sikuwahi kulifanya, niliwatengenezea bunduki waliolifanya. Mwili utakuambia piga sasa. Mwili hauijui karatasi.

Hii ni barua ya kwanza nakuandikia isiyotaka kukuzuia.

Bismillahi, mwanangu. Mweke Aron nyuma yako.

Twaha


Lushoto, hospitalini
22 Mei 2024

Mheshimiwa Mzee Twaha,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe, au kwa jinsi mnavyosema nyumbani kwako, naomba radhi. Ni mimi Aron. Naandika mimi kwa sababu Husna hawezi kushika kalamu. Yu hai. Nimeona nianze na hilo, na samahani kama nimechelewa kulitaja.

Najua mmekwisha kusikia kwa watu, na watu wanaongeza. Nitasema niliyoyaona.

Jumapili mchana tulichomeka vijiti kama ulivyoagiza. Karatasi ya hatua kumi ilikuwa mviringo, ya ishirini mviringo. Ya thelathini ilikuwa na ule ukucha. Ya arobaini ilikuwa yai, na kuanzia hapo mashimo marefu. Husna aliikata ile ya ishirini akaikunja mfukoni. Akaniambia, "hatua ishirini, Aron, na ukiniona napiga kabla ya hapo nipige wewe."

Jumatatu kulipokucha tuliingia. Vijana wa mapanga walikuwa wamesimama kwenye tuta, kaka yake Kristian mbele yao. Husna aliwaomba kitu kimoja tu, wakae kimya. Wakakaa. Alivua viatu. Mimi nilikuwa nyuma yake na SMG.

Mbogo alikuwa amelala. Yeye ndiye aliyetuona kwanza. Alisimama mbali, naweza kusema hatua arobaini na zaidi, akainua pua, akaja. Mzee, nimewahi kuona mbogo akija lakini mbali, kwenye gari. Miguu yake nilikuwa naisikia kwenye nyayo zangu. Husna aliinua bunduki na hakupiga. Nilisema "piga." Hakupiga. Nilisema tena kwa kelele. Nilidhani bunduki imegoma. Alikuwa ananong'ona, na mimi nilidhani anasali, kumbe ni "mviringo, bado, bado."

Alipiga mbogo alipofika pale pa hatua ishirini. Risasi iliingia chini ya shingo, vumbi niliona likitoka kwenye ngozi. Lakini mbogo hakusimama, akaendelea kwa nguvu alizokuja nazo. Ya pili aliipiga mtutu ukikaribia kumgusa. Mbogo alianguka akija, na bega lake likampata Husna. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, na mbavu mbili. Mbogo hakuinuka tena.

Na sikio la Husna, aliyeliumiza ni mimi. Mbogo alipokuwa anaanguka nilipiga SMG juu ya bega la Husna, hatua moja kutoka kichwani mwake, risasi zote, bila kufikiri. Mbogo alikuwa amekwisha kufa. Sikio la kulia la Husna halisikii tangu saa ile. Daktari anasema huenda likarudi, huenda lisirudi. Yeye kanisamehe, mimi nikiliangalia siwezi kula.

Wale vijana walimbeba kwenye machela ya miti mpaka kwenye gari. Kaka yake Kristian alishika mbele, alikataa kupokezana.

Anataka niandike haya kama anavyoyasema:

"Baba, shikamoo. Uliniambia kungoja ndiko kugumu. Ni kweli. Yale maneno yangu ya barua ya tarehe kumi na tano nayaomba radhi, mbele ya Aron, ili ayaandike. Na sikio langu la kulia limeziba. Sasa utanipigia kelele na mimi nitajibu 'nini?' Tutapatana."

Kacheka aliposema, akashika mbavu.

Wako katika utumishi,
Aron


Shume
23 Mei 2024

Husna mwanangu,

Barua ya Aron imefika na Fuso la Kornelio likirudi tupu. Nimeisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na mama yako hakuniuliza "kasemaje."

Mwambie Aron ale. Masikio yangu mimi niliyaua mwenyewe, machimboni na kwenye ghala la silaha, kwa kiburi cha kutoziba pamba, na bado ugali nakula.

Ofisini kwenu nimeandika barua nyingine fupi. Risasi zile zisigawiwe kituo chochote kabla hazijapimwa huko huko chini zitakakotumika. Na karatasi yangu ya Shume nimeiambatanisha, yenye mashimo yangu manne mazuri, ili waone jinsi kitu kizuri kinavyoweza kumpeleka mtu kaburini.

Maneno yako ya tarehe kumi na tano sina cha kusamehe. Ulikuwa na sababu, na sababu nilikupa mimi. Nilikuogopea, Husna. Tangu siku ulipovaa sare nilikuogopea, nikauita woga huo ualimu, nikauita ugonjwa wa mama yako, nikauita wanaume wamekwenda wapi. Uliposimama mbele ya mbogo ukangoja, hukungoja kwa sababu ya karatasi. Fundi anajua. Karatasi haimsimamishi mtu.

Tunashuka kesho na gari la kwanza. Mama yako kaweka maharage jikoni tangu asubuhi na bado yanagonga chungu. Amesema hutakula chakula cha hospitali.

Nambie kitanda chako kimeelekea wapi, au basi, nitaona mwenyewe. Nitakaa upande wako wa kushoto.

Baba yako,
Twaha